Nyuzi Zisizorudi Nyuma

Ndege ya kivita ya leo huanzia ndani ya jokofu. Kabla ya injini na rada, kabla ya rubani na kofia yake yenye bei ya nyumba, kuna chumba baridi kilichojaa majora ya kitambaa cheusi, yamefungwa kwenye mifuko isiyopitisha unyevu, katika nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Kitambaa hicho ni nyuzi za kaboni zilizokwisha kunyweshwa gundi, na gundi yenyewe imeshachanganywa na dawa ya kuigandisha. Kinachoizuia isigande ni baridi tu. Jora likitoka nje, saa inaanza kuhesabu: limetoka lini, limekaa nje muda gani, limerudishwa saa ngapi. Muda wake ukiisha linatupwa, hata kama kwa macho na kwa vidole halina kasoro.

Kutoka hapo kitambaa hukatwa kwa mashine, kisha mafundi waliovaa glavu na makoti meupe hukitandaza juu ya kalibu, pande juu ya pande. Taa ya leza iliyo darini huchora mpaka wa kila pande ili fundi ajue aliweke wapi na nyuzi zake zielekee upande gani. Kila pande lina utando wa plastiki mgongoni. Lazima ubanduliwe, na lazima mtu wa pili athibitishe kwamba umebanduliwa. Nyundo hailii humo wala cheche hazirukiruki. Mgeni aliyekuja kuona kiwanda cha silaha angeweza kuomba radhi akidhani amekosea mlango.

Nimezifuatilia habari za ufundi huu kwa miaka, kwa mapenzi ya mtu anayeheshimu kazi ya mikono na kwa mashaka ya mtu asiyependa mabomu. Kinachonivuta si wepesi wala ugumu wa mali hii, ingawa ndiyo sifa zinazoimbwa na wauzaji. Ni kwamba fundi anayeichagua anakubali kuamua mara moja tu. Ikishaganda, haimpi nafasi ya kubadili nia.

Hadithi yenyewe ina chimbuko kwenye kioo. Mwaka 1920, katika kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, kusini mwa Uingereza, mhandisi kijana aitwaye A. A. Griffith alikuwa akiyeyusha kioo na kukivuta kuwa uzi. Aliupima uzi huo nguvu, akavuta mwembamba zaidi, akapima tena. Kadiri uzi ulivyokonda ndivyo ulivyoweza kubeba zaidi kwa kila milimita ya mraba, hata nyuzi nyembamba kupita zote zikafikia karibu mara 20 ya nguvu ya kioo cha kawaida. Maelezo aliyoyatoa yalikuwa mepesi na ya kutia hofu kidogo. Kioo cha dirisha si dhaifu kwa asili yake. Kimejaa nyufa ndogo zisizoonekana, na nguvu yote ya kukivunja hukusanyika kwenye ncha ya ufa mmoja. Uzi mwembamba hauna mahali pa kuficha ufa mkubwa.

Akili nzima ya mali mseto, yaani nyuzi na gundi kwa pamoja, imo humo. Chukua nyuzi maelfu kwa maelfu, zifunge kwa gundi ili zisigusane. Uzi mmoja ukikatika, ufa wake unafika kwenye gundi na kukwama, nao mzigo unahamia kwa majirani polepole kupitia gundi ileile. Uzi peke yake unavutika lakini haukubali kusukumwa. Gundi peke yake huvunjika kabla ya kufaa kitu. Zikiungana, zinafanya kazi ambayo hakuna hata kimoja kati ya viwili hivyo kilichokuwa na haki ya kuidai.

Kaboni ilikuja baadaye. Msomaji anayejua kwamba Mahenge na Lindi kuna grafiti anaweza kudhani nyuzi hizi huchimbwa ardhini. Sivyo. Zinatokana na akriliki, plastiki ya ukoo uleule wa sufu bandia inayofumiwa sweta, na kwa hiyo sweta nyingi zinazotundikwa kwenye vibanda vya mitumba zina udugu na bawa la ndege ya kivita ambao mvaaji wala muuzaji hawaujui. Akio Shindo, mtafiti wa serikali mjini Osaka, alionyesha karibu mwaka 1960 kwamba akriliki ikichomwa kwa utaratibu hutoa kaboni nzuri. Miaka michache baadaye, Farnborough tena, William Watt na wenzake walipata nyuzi zenye nguvu kweli, wakianzia na akriliki ya kampuni ya Courtaulds ambayo wafumaji walikuwa wakiinunua madukani. Siri ilikuwa kuuvuta uzi wakati unachomwa usisinyae. Kwanza unapitishwa hewani kwenye nyuzijoto 200 hadi 300 mpaka unakuwa mweusi. Kisha unaingizwa ndani ya naitrojeni, mahali pasipo oksijeni ya kuuteketeza, kwenye joto linalopita 1,000. Karibu nusu ya uzito wake huondoka kama gesi. Kinachobaki ni kaboni yenye unene wa mikroni 5 hadi 7, chini ya sehemu moja ya kumi ya unywele wa binadamu, inayofungwa elfu tatu, elfu sita au elfu kumi na mbili kwa fungu moja.

Waingereza waliokuwa wa kwanza kuidaka ndio pia walioungua nayo mapema. Rolls-Royce walitengeneza mapanga ya mbele ya injini ya RB211 kwa nyuzi za kaboni, wakijivunia kilo walizookoa. Kwenye majaribio ya kurushiwa ndege wa porini, ambapo kuku aliyekufa hufyatuliwa kwenye injini inayozunguka, mapanga yale yalisambaratika. Ikabidi warudi kwenye titani. Gharama za injini hiyo, zikiwemo za mapanga hayo, ziliisukuma kampuni kwenye ufilisi mwezi Februari 1971, na serikali ikalazimika kuitaifisha. Mwaka huohuo Toray ya Japani ilianza kuuza nyuzi zake, kwanza kwa ajili ya fimbo za uvuvi na vijiti vya gofu. Nadhani Wajapani walikuwa na busara: kifaa kikivunjika mkononi mwa mvuvi, hasara ni samaki.

Lakini kama ningeruhusiwa kutembelea kiwanda kimoja tu katika historia hii yote, nisingechagua cha kaboni. Ningekwenda High Wycombe, mji wa watengeneza viti magharibi ya London, wakati wa vita kuu ya pili. Huko, na katika karakana nyingine za samani, maseremala walikuwa wakitengeneza sehemu za de Havilland Mosquito, ndege ya kivita ya mbao iliyoruka mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940. Serikali ilihofia uhaba wa alumini na wa wafanyakazi wa metali; mbao zilikuwepo, na maseremala walikuwepo. Kiwiliwili chake kilikuwa na tabaka za plaiwudi ya mti wa bachi nje na ndani, na katikati balsa, mti mwepesi kupita kiasi uliotoka Ekwado. Tabaka hizo zilikunjwa juu ya kalibu, nusu ya kushoto na nusu ya kulia. Mafundi walifunga nyaya na mabomba ndani ya kila nusu ikiwa bado wazi, kisha wakaziunganisha kwa gundi kuanzia puani hadi mkiani. Zilijengwa zaidi ya 7,700, na kwa muda zilikuwa miongoni mwa ndege zenye kasi kubwa kupita zote angani.

Mtu anayeiona Mosquito kama kichekesho cha zama za uhaba hajaitazama vizuri. Ngozi ngumu, moyo mwepesi, ngozi ngumu: ndivyo zilivyojengwa sehemu nyingi za ndege za kivita zilizofuata, isipokuwa balsa imepisha vichumba vya asali vya alumini au karatasi maalumu. Hata wazo la kunywesha uzi gundi halikungoja kaboni. Norman de Bruyne, mwanasayansi wa Cambridge aliyekuwa na karakana yake Duxford, alikwisha kuunganisha nyuzi za kitani na gundi bandia kabla ya vita, na mwaka 1940, hofu ya kukosa alumini ilipopanda, kikajengwa kwa majaribio kiwiliwili cha kitani cha ndege ya kivita ya Spitfire. Alumini haikukosekana, Spitfire ya kitani haikuingia vitani. Gundi zake, hata hivyo, ziliingia, kwa sababu gundi ya awali ya Mosquito ilitokana na maziwa na haikupenda unyevu.

Na hapo ndipo Mosquito ilipotoa fundisho lililowagharimu watu maisha. Mwishoni mwa 1944, huko India, baadhi yake ziliachana angani. Ilikuwa rahisi kulaumu joto na mvua za Mashariki, na wengi walifanya hivyo. Uchunguzi ulionyesha pia viungo ambavyo havikuwa vimeshikana sawasawa tangu kiwandani, maelfu ya kilomita kutoka pale zilipoanguka. Riveti iliyopigwa vibaya kwenye bati mtu anaweza kuiona kwa jicho au kuigusa kwa kidole. Kiungo cha gundi kilichokauka kabla ya kubanwa kinafanana kwa kila hali na kiungo kizuri, mpaka siku ya kazi.

Mbao ina jambo jingine la kufundisha, ambalo kila aliyepasua kuni analijua: shoka likifuata mwelekeo wa nyuzi, gogo linagawanyika kwa pigo moja, ukilikata kwa kukingama, utatoa jasho. Bati la alumini halina tabia hiyo. Livute kaskazini au mashariki, jibu ni moja. Nyuzi za kaboni zina tabia ya gogo, ila kwa ukali mara nyingi zaidi: kwa urefu wake zinabeba ajabu, kwa upana wake hakuna kinachobeba isipokuwa gundi. Ndiyo maana mapande hutandazwa kwa pembe tofauti, moja likifuata urefu wa bawa, jingine likikingama, mengine kwa pembe ya nyuzi 45 huku na huku. Mhandisi lazima ajue mapema nguvu itatoka wapi. Metali ni mtumishi asiyeuliza mgeni anaingia mlango gani; nyuzi zinataka kuambiwa kabla mgeni hajaondoka kwake.

Wapo waliougeuza udhaifu huu kuwa hila. Tangu zamani wahandisi walijua kwamba bawa lililoelekezwa mbele badala ya nyuma lingeipa ndege wepesi wa kugeuka katika mwendo mdogo. Wajerumani walilijaribu kwenye Junkers Ju 287 mwaka 1944. Tatizo ni kwamba bawa la namna hiyo likipinda juu kwa nguvu ya hewa, ncha yake hujisokota na kuukamata upepo zaidi, likapinda zaidi, likajisokota zaidi, hadi ling'oke. Kulizuia kwa metali kulihitaji bawa nene na zito kiasi cha kupoteza faida yote. Ndipo ikaja Grumman X-29, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 14 Desemba 1984 kwenye jangwa la California. Ngozi ya bawa lake ilikuwa ya nyuzi za kaboni zilizopangwa kwa pembe za kimkakati, hivi kwamba bawa lilipopinda juu, mpangilio wenyewe wa nyuzi uliivuta ncha yake kinyume cha msokoto. Hapakuwa na kompyuta wala pampu iliyofanya kazi hiyo. Ilifanywa na mwelekeo wa uzi, ulioamuliwa mezani miaka kabla ya upepo wenyewe kuvuma.

Kwa msomaji wa Nairobi au Nanyuki kuna udugu mdogo hapa. Ili kupunguza gharama, pua ya X-29 ilichukuliwa kutoka kwenye F-5, ndege ya ukoo ambao Jeshi la Anga la Kenya limekuwa likiurusha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mbele metali ya juzi, nyuma nyuzi za kesho. Zilijengwa X-29 mbili tu, zikajaribiwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mabawa ya kuelekea mbele hayakupata soko. Warusi nao walijenga moja, Su-47, iliyoruka mwaka 1997, wakaishia hapo. Napenda sana historia ya vitu vilivyofanikiwa kiufundi na kukosa kazi.

Turudi kwenye kalibu, maana kuna jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita. Mtengeneza ndege ya alumini hununua bati. Limeyeyushwa na mwingine, limepimwa na mwingine, linakuja na cheti. Kazi yake ni kulikata na kulikunja. Mtengeneza bawa la mseto hanunui mali yoyote iliyokamilika. Ananunua uzi na gundi. Mali yenyewe inazaliwa palepale, saa ileile bawa linapozaliwa, mikononi mwa fundi. Mapande yakishatandazwa hufunikwa kwa mfuko, hewa ikanyonywa, na chombo chote kikaingizwa kwenye tanuri la mgandamizo linaloitwa otoklevu, lenye ukubwa wa kumeza basi. Kwa gundi za epoksi za ndege, joto hupandishwa taratibu hadi karibu nyuzijoto 177 na mgandamizo hadi mara saba ya ule wa hewa tunayovuta. Gundi inalainika, inatiririka, inasukuma mapovu nje, kisha inaganda. Samaki mkunje angali mbichi, tumeambiwa tangu utotoni. Hapa baada ya tanuri hakuna mkunjo wa pili. Metali iliyokaa vibaya unaweza kuipasha, kuinyoosha, kuiyeyusha. Epoksi iliyoganda ukiipasha sana haitalainika tena, itaungua.

Kwa hiyo ule utando wa plastiki mgongoni mwa pande, ule ambao mtu wa pili huthibitisha umebanduliwa, una uzito mkubwa kuliko unavyoonekana. Ukisahauliwa ndani, utakaa katikati ya bawa kwa maisha yote ya ndege, ukitenga tabaka zilizopaswa kushikana. Unywele, alama ya kidole chenye mafuta, povu dogo: vyote vinahifadhiwa. Viwanda hulitafuta kosa kwa mawimbi ya sauti, sentimita kwa sentimita, na huko uwanjani fundi wa jeshi bado hugonga kwa sarafu au kinyundo kidogo na kusikiliza. Palipo pazima panalia kwa ukali. Palipoachana panajibu kwa sauti iliyozibwa. Nafurahi kwamba sikio bado lina kazi kwenye mashine ya thamani ya mabilioni ya shilingi.

Sikio linahitajika kwa sababu jicho limenyang'anywa ushahidi. Spana ikianguka kutoka mkononi mwa fundi juu ya bawa la alumini, inaacha bonde. Kila apitaye analiona. Ikianguka juu ya bawa la kaboni, uso unaweza kurudi mahali pake ukang'aa kama kwamba hakuna kilichotokea, huku ndani tabaka zimeachana kwa upana wa kiganja. Wahandisi wana kanuni kwa ajili hiyo: hupanga nguvu ya bawa wakichukulia kwamba tayari limeumia mahali ambapo hakuna aliyepaona. Na kwa upande wa watu, kambi zinazorusha ndege hizi hulazimika kujenga desturi ambayo kijana aliyeangusha spana anakwenda mwenyewe kusema. Jeshi, mahali ambapo cheo kinaogopwa na kosa linafichwa, ndilo linalotegemea kinywa cha huyo kijana. Hilo halimo kwenye matangazo ya biashara.

Safari ya kuingiza nyuzi kwenye ndege za kivita ilianzia mkiani, na kwa sababu nzuri: mkia ni mdogo. F-14 ya Jeshi la Majini la Marekani, iliyoruka Desemba 1970, ilikuwa na ngozi ya mkia ya nyuzi za boroni, zinazotengenezwa kwa kuuvika waya mwembamba wa tangsteni koti la boroni, kazi ya gharama kubwa mno. F-15 ikafuata. Kaboni iliposhuka bei, boroni ikaachwa. Hatua kubwa ilikuwa AV-8B, Harrier ya kizazi cha pili, ambayo bawa lake zima likawa la kaboni na epoksi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Takriban asilimia 26 ya uzito wa muundo wake ni mseto. Ndege inayopaa wima hulipia kila kilo kwa mafuta au kwa bomu, kwa hiyo ndiyo iliyokuwa na njaa kubwa. Baadaye Typhoon ya Ulaya ikawa na asilimia 70 ya uso wake wa nje katika nyuzi za kaboni, na F-35 ya Marekani inatajwa kuwa na karibu asilimia 35 ya uzito wa muundo.

Asilimia hizo zinadanganya kidogo. Miaka ya 1980 palikuwa na watu walioamini kwamba ifikapo mwisho wa karne ndege ya kivita ingekuwa yote ya nyuzi. F-22, iliyopaswa kuwa kilele, ilimaliza ikiwa na titani nyingi kuliko mseto: asilimia 39 kwa 24 hivi. Baadhi ya mihimili ya bawa lake ilibadilishwa kuwa titani baada ya majaribio ya kuipiga risasi, maana risasi inayopita kwenye tangi la mafuta hupeleka wimbi la mgandamizo ambalo tabaka zilizogundishwa hazilivumilii vizuri. Karibu na injini joto linaunguza gundi. Na kaboni ikigusana na alumini mahali penye unyevu, viwili hivyo vinageuka betri, na anayeliwa ni alumini. Hivyo huwekwa tabaka la nyuzi za kioo katikati, na boliti zikawa za titani. Pia si kweli, ingawa husemwa sana, kwamba mseto unaifanya ndege isionekane na rada. Kaboni hupitisha umeme na kurudisha mawimbi. Kinachoificha ndege ni umbo lake kwanza, kisha rangi na tabaka zinazomeza mawimbi. Faida ya nyuzi hapo ni kwamba kalibu inatoa uso mpana uliokunjika kwa usahihi, bila mistari ya riveti ambayo ingeng'aa machoni pa rada.

Wahindi waliifikia mali hii kwa njia ya peke yao. Tejas, iliyoruka Bengaluru tarehe 4 Januari 2001, ina takriban asilimia 45 ya uzito wake katika mseto, zaidi ya ndege nyingi za nchi tajiri. Nyuzi bora za kaboni ni bidhaa inayodhibitiwa. Ushirikiano wa nchi zinazodhibiti uuzaji wa teknolojia ya makombora huziweka kwenye orodha, kwa sababu zinazofaa bawa zinafaa pia roketi na mashine za kurutubishia urani. Baada ya majaribio ya nyuklia ya 1998, Marekani iliiwekea India vikwazo vilivyougusa mradi huo. Maabara ya taifa ya anga huko Bengaluru iliendelea kutandaza mapande yake. Ujuzi wa mikono, ukishaingia mikononi, hakuna bandari inayoweza kuuzuia.

Sisi wa Afrika Mashariki tumeingia katika habari hii kupitia mlango wa abiria. Kenya Airways ilipokea Dreamliner yake ya kwanza mwaka 2014 na Air Tanzania mwaka 2018, na nusu ya uzito wa ndege hiyo ni mseto, kiwiliwili na mabawa. Mikia ya F-14 na mabawa ya Harrier ndiyo yaliyolipia majaribio, makosa na mazoea yaliyomwezesha mama wa Kariakoo kwenda Guangzhou kufuata bidhaa akiwa ndani ya chombo cha nyuzi. Sijui nifurahie vipi deni la namna hiyo. Vita vimewahi kutupa mambo mengi yanayofaa, na kila mara risiti inakuja kwa jina la mtu mwingine.

Mwezi Julai 1940 Lord Beaverbrook, waziri wa utengenezaji wa ndege, aliwaomba akina mama wa Uingereza watoe sufuria zao za alumini zikawe Spitfire. Walizitoa kwa marundo. Nyingi hazikufaa sana kwa ndege, lakini ombi lenyewe lilieleweka na kila mtu kwa sababu lilikuwa na ukweli wa kiufundi: sufuria inaweza kuwa ndege. Na ndege inaweza kuwa sufuria. Baada ya vita, maelfu ya ndege za Marekani zilipelekwa Kingman, Arizona, zikakatwa na kutiwa kwenye matanuri, na alumini yake ikauzwa kwa vipande. Kwenye karakana za jua kali za Gikomba na kwingineko mafundi wetu huyeyusha kila kilichopita, kuanzia vichwa vya injini hadi fremu za madirisha, wakamwaga sufuria na mabirika. Metali haina kumbukumbu ya kazi yake ya zamani. Kwa silaha, hiyo ni rehema ambayo hatukuwahi kuithamini ipasavyo, kwa kuwa tulidhani itakuwepo daima.

Bawa la kaboni halina mlango huo. Haliyeyuki. Linaweza kukatwa na kufukiwa. Linaweza kupashwa ndani ya tanuri lisilo na hewa mpaka gundi igeuke gesi na nyuzi zibaki, lakini nyuzi hizo hutoka zikiwa fupi, zimepoteza mpangilio wote ambao mhandisi aliusumbukia, na zinafaa kukaza plastiki ya kasha la kompyuta zaidi ya kubeba mzigo wa maana. Hakuna mbuni wa ndege ya kivita atakayezipokea. Zikiungua kwenye ajali ni mbaya zaidi: gundi inateketea, vipande vya nyuzi vinapeperuka na moshi, vinachoma ngozi na kuingia kifuani. Vikosi vya uokoaji hufundishwa kuyanyunyizia mabaki maji yaliyochanganywa na nta ya kung'arishia sakafu, ili nyuzi zisitembee.

Marekani imepanga kuzirusha F-35 hadi miaka ya 2070 na kuendelea, na zaidi ya elfu moja zimekwisha kutoka viwandani. Mafundi wanaoyatandaza mapande yake leo, wakifuata mstari wa leza kwa subira ambayo ningeitamani katika kazi yangu, watakuwa wamestaafu au wamekufa. Atakayepewa kazi ya kuzivunja hajazaliwa bado, na jambo la kwanza atakalofundishwa ni kuvaa barakoa.